Mwongozo kamili: mkaguzi wa hesabu kupata cheti cha FRM, ili asikague derivativu kwa kubahatisha

Meseji zinafanana mno. "Kaka, vitabu vyote vinne nimevimaliza, nimejaza madaftari matatu, na bado nimefeli." Nyingine ya juzi imetoka kwa dada anayefanya ukaguzi wa ndani kwenye mfuko wa pensheni. Ni mara yake ya pili kuanguka, na safari hii ameangukia robo ya nne, yaani ya mwisho, kwenye hesabu na ya tatu kwenye ukokotoaji wa thamani. Hawa wanaoniandikia si wavivu, na baadhi yao CPA, cheti cha uhasibu, wanayo tayari. Kinachowaangusha ni kwamba wamejiandaa kama walivyojiandaa kwa mitihani ya uhasibu: kusoma, kupigia mstari, kukariri. FRM (Financial Risk Manager, cheti cha usimamizi wa vihatarishi vya kifedha) ni mtihani wa vidole. Maswali 100 kwa saa 4 ni dakika 2 na sekunde 24 kwa swali, na aliyesoma sana bila kukokotoa sana hapati nafasi ya kukumbuka.

Mwongozo huu ni wa mkaguzi, wa nje au wa ndani, anayekutana na hatifungani, hisa na derivativu kazini. Derivativu ni mikataba ambayo thamani yake inategemea kitu kingine: kiwango cha dola, riba, bei ya kahawa, faharasa ya hisa. Humo mna fowadi (makubaliano ya leo ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa), fyucha (kama fowadi, ila huuzwa kwenye soko rasmi), opsheni (haki ya kununua au kuuza, bila kulazimika) na swopu (kubadilishana malipo).

## Kabla hujatoa hela: cheti hiki ni nini, na si nini

FRM hutolewa na GARP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vihatarishi. Kuna mitihani miwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kisha miaka miwili ya kazi ya kudumu katika fani inayohusika. Ukaguzi unakubalika kama fani hiyo, na hapa ndipo mkaguzi ananufaika. Huombwi shahada ili kujisajili.

Onyo moja, kwa sababu nimeshaona watu wakijichanganya. FRM haikupi ruhusa ya kusaini ripoti ya ukaguzi. Kwa Tanzania bado utapita NBAA, kwa Kenya ICPAK, vyombo vinavyosajili wahasibu na wakaguzi. Ukiwa huna CPA na ndoto yako ni kusaini hesabu za wateja, anza na CPA. FRM inakufaa unapotaka kukaa mbele ya meneja wa kitengo cha hazina na kumwambia, "Bei uliyoweka hapa si sahihi, na hii hapa hesabu yangu."

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kalkuleta inayokubalika. GARP hukubali chache tu, zikiwemo Texas Instruments BA II Plus na HP 12C. Casio uliyotoka nayo Form Four haiingii chumbani, hata kama imekufikisha mbali. Mwongozo huu unatumia BA II Plus kwa kuwa ndiyo ya wengi.
- Pasipoti ambayo haijaisha muda.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya dola. Piga simu benki kwanza, maana kadi nyingi hukataa siku ya kwanza.
- Vitabu vinne rasmi vya Sehemu ya Kwanza vya mwaka unaofanya mtihani, pamoja na mitihani ya mazoezi ya GARP. Vitabu vya miaka mitatu nyuma vinavyozunguka WhatsApp vitakupotezea muda, kwa sababu sura hubadilishwa.
- Daftari moja gumu la makosa. Kazi yake nitaieleza mbele.
- Matokeo ya minada ya hatifungani kutoka tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania au Benki Kuu ya Kenya. Ni bure, na ndiyo mazoezi mazuri kuliko yote niliyowahi kutumia.
- Saa kama 250 za kujisomea. Hayo ni makadirio yangu kwa mtu mwenye kazi na familia. Aliyetoka chuoni na hisabati bado iko moto anaweza kupunguza.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia msimu wa ukaguzi

Sehemu ya Kwanza hufanyika Mei, Agosti na Novemba. Wengi hukimbilia Mei kwa sababu ya hamasa ya Januari, na hapo ndipo wanapojikwaa. Mkaguzi wa nje mwenye wateja wanaofunga hesabu Desemba hulala ofisini Februari na Machi. Hizo ndizo wiki ambazo ungepaswa kukokotoa saa 10 kila wiki. Kwake Agosti ni bora, na Novemba inafaa.

Anayekagua taasisi za umma zinazofunga Juni yuko kinyume chake: kuanzia Julai yeye hana usingizi. Huyo Mei inamfaa.

Hesabu wiki 24 kurudi nyuma kutoka tarehe ya mtihani. Zaidi ya wiki 6 zikiangukia msimu wako, sogeza mtihani. Msimu wa ukaguzi hausogei.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na kalenda ambayo angalau wiki 18 kati ya 24 zina saa 10 za kweli, ukishatoa misiba, harusi na safari za kikazi.

## Hatua ya 2: Jisajili mapema, kwa jina la kwenye pasipoti

Hapa hakuna mengi. Fungua akaunti kwenye tovuti ya GARP, lipa ada ya kuandikishwa ambayo ni ya mara moja tu, kisha ada ya mtihani. Ada ya mtihani ina ngazi mbili, ya mapema na ya kawaida, na tofauti yake si ya kupuuza. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mohamed, usiandike Muhammad.

Kabla hujalipa, angalia vituo vilivyopo. Ukiwa Kigoma, Kisumu au Bujumbura huenda ukalazimika kusafiri, basi nauli na malazi ya usiku mmoja ni sehemu ya gharama. Usifike asubuhi ya mtihani ukitokea stendi.

## Hatua ya 3: Tayarisha kalkuleta kabla ya kufungua kitabu

Nilianguka mtihani wangu wa kwanza, na jioni yake nikiwa kwenye daladala nikaona herufi tatu ndogo juu ya kioo: BGN. Siku chache kabla nilikuwa nimekokotoa pango la ofisi la mteja, linalolipwa mwanzo wa kipindi. Nikabadilisha kalkuleta ili ihesabu malipo ya mwanzo, na sikuirudisha. Siwezi kuapa kwamba hilo peke yake ndilo lililoniangusha, lakini kila hatifungani niliyokokotoa siku ile ilitoka na bei ya uongo.

Fanya haya manne, na uyarudie kila Jumatatu:

1. Malipo ya mwisho wa kipindi. Bonyeza 2ND kisha BGN. Kioo kikionyesha BGN, bonyeza 2ND na SET mpaka kiandike END.
2. Malipo kwa mwaka yawe 1. Bonyeza 2ND, P/Y, 1, ENTER. Vipindi utavigawa mwenyewe. Ukiiachia kalkuleta igawe na wewe ugawe, utakuwa umegawa mara mbili.
3. Mpangilio wa hesabu. Andika 2 + 3 × 4 =. Ukipata 20, kalkuleta inahesabu kwa kufuatana tu bila kujali kuzidisha. Ingia 2ND, FORMAT, teremka kwa mshale hadi uone Chn, bonyeza 2ND na SET ili iwe AOS. Rudia: sasa lazima ipate 14.
4. Kufuta. CE/C hufuta kinachoonekana kwenye kioo tu. Namba za hatifungani iliyopita bado zimejificha ndani. Kila swali jipya lianze na 2ND, CLR TVM.

Utajua umefaulu ukiweza kufanya yote manne ukiwa umefumba macho nusu, ndani ya sekunde 40.

## Hatua ya 4: Usisome vitabu kwa mpangilio wa namba zake

Mitaala imegawanywa hivi: misingi ya usimamizi wa vihatarishi asilimia 20, hesabu na takwimu asilimia 20, masoko ya fedha na bidhaa zake asilimia 30, ukokotoaji wa thamani na modeli za vihatarishi asilimia 30.

Kitabu cha kwanza, cha misingi, kinasomeka kama hadithi. Kina utawala bora, kina visa vya maafa ya kifedha, na mkaguzi hukipenda kwa sababu anakutana na lugha yake. Kisa cha Barings cha 1995 kimo: Nick Leeson, huko Singapore, aliachiwa biashara na uthibitishaji wa biashara hiyo hiyo, akaficha hasara kwenye akaunti namba 88888 mpaka benki ikafa. Wakaguzi wa ndani walikuwa wameshaandika mwaka uliotangulia kwamba kazi hizo mbili zitenganishwe. Mkaguzi akisoma hapo husisimka, hukaa wiki nne, na hesabu zinabaki zinamsubiri.

Anza na hesabu, wiki 6. Kisha masoko na bidhaa, wiki 6. Kisha ukokotoaji wa thamani, wiki 6. Misingi ipe wiki 2 tu, mwishoni, uwe nayo mbichi kichwani siku ya mtihani. Wiki 4 zinazobaki ni za moko, yaani mitihani ya majaribio. Sababu ni rahisi: kitabu cha nne hakieleweki bila cha pili, na cha kwanza kinaeleweka hata ukiwa umechoka.

Kwenye hesabu, watu wa uhasibu huogopa rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyobadilika kufuata kingine). Kwa uzoefu wangu, penye hatari zaidi ni uwezekano wa masharti, yale maswali ya "ikiwa kampuni imeshashindwa kulipa, je, uwezekano kwamba...". Chora jedwali la watu 1,000 wa kufikirika, uwagawe kwa vikundi, kisha uhesabu vichwa. Ni haraka kuliko fomula, na halikosei.

## Hatua ya 5: Kokotoa kwa namba za nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Kanuni ninayowapa wote wanaoniandikia: kwa kila saa moja ya kusoma, saa mbili za kukokotoa. Na kila aina ya hesabu uikokotoe vibaya kwa makusudi angalau mara moja, ili uzijue sura za majibu mabaya. Mtunga mtihani anayajua makosa yako kabla hujayafanya, na ameyaweka kwenye machaguo.

Hatifungani. Thamani ya usoni 100, kuponi (riba ambayo hatifungani hulipa) asilimia 10 inayolipwa mara mbili kwa mwaka, miaka 5, na soko linadai asilimia 12. Weka N = 10 (vipindi), I/Y = 6 (riba ya kipindi), PMT = 5 (kuponi ya kipindi), FV = 100 (thamani ya usoni), kisha CPT PV (bei ya leo). Jibu ni 92.64, nalo hutoka na alama ya kutoa kwa kuwa ni hela inayotoka mfukoni mwako.

Sasa ikosee. Sahau kwamba kuponi ni mara mbili, weka N = 5, I/Y = 12, PMT = 10: unapata 92.79. Sahau kugawa riba peke yake: 60.45. Acha kalkuleta kwenye BGN: 94.85. Hizo namba nne zinatosha kuwa machaguo ya swali zima.

Tofauti ya 92.64 na 92.79 inaonekana ndogo. Kwa mfuko wenye hatifungani za shilingi bilioni 10 kwa thamani ya usoni, ni takriban milioni 15. Mkaguzi akiiacha ipite, ameacha gari zima likapita getini.

Ukishaizoea, fungua matokeo ya mnada wa Benki Kuu. Yanaonyesha kuponi, muda wa kuiva, wastani wa riba ya walioshinda na wastani wa bei. Funika bei kwa mkono, ikokotoe kutoka kwenye riba, kisha funua. Itakaribiana sana bila kulingana kabisa, kwa kuwa zote mbili ni wastani. Fanya minada 20.

(Tahadhari ya kikazi: kwa IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, taasisi inayoshikilia hatifungani ili kukusanya kuponi na mtaji pekee huiweka vitabuni kwa gharama iliyopunguzwa, si kwa bei ya soko. Usimkimbilie mteja na 92.64 yako kabla ya kusoma sera yake ya uhasibu.)

Fowadi ya dola. Hii ndiyo derivativu utakayokutana nayo zaidi kwa waagizaji wa mafuta, mbolea na magari. Chukulia dola leo ni shilingi 2,600, riba ya shilingi ni asilimia 9, ya dola asilimia 5, mkataba wa miezi 6. Bei ya haki ya fowadi:

2,600 × (1 + 0.09 × 0.5) ÷ (1 + 0.05 × 0.5) = 2,650.73

Kosa la kawaida ni kugeuza juu chini. Kumbuka hivi: sarafu ambayo bei imetajwa kwayo, hapa shilingi, riba yake hukaa juu. Sarafu yenye riba kubwa huwa dhaifu zaidi mbele ya safari, basi dola ya mbele lazima iwe ghali kuliko ya leo. Ukipata chini ya 2,600, umegeuza. Na soma swali: likisema riba ni ya mfululizo, fomula ni 2,600 × e kwa kipeo cha 0.02, jibu 2,652.52. Majibu yote mawili yanaweza kuwepo kwenye machaguo.

Sasa ivae kofia ya ukaguzi. Mteja wako ameshasaini kununua dola milioni 1 kwa 2,700, na siku ya kufunga hesabu mkataba umebakiza miezi 6. Soko linasema 2,650.73. Amejifunga kulipa shilingi 49.27 zaidi kwa kila dola. Irudishe hasara hiyo kwenye thamani ya leo kwa kugawa kwa 1.045, unapata 47.15. Kwa dola milioni 1 ni deni la takriban shilingi milioni 47.1, na mara nyingi halimo popote kwenye vitabu kwa sababu "mkataba haujaiva bado, boss." Nimeisikia sentensi hiyo zaidi ya mara moja.

Kiwango cha ukaguzi ISA 540 kinakupa njia tatu za kupima makadirio kama haya: kuangalia matukio ya baadaye hadi tarehe ya ripoti yako, kupima namna menejimenti ilivyokadiria, au kujitengenezea makadirio yako mwenyewe. Wakaguzi wengi hukwama kwenye ya pili, wakiomba karatasi ya Excel ya mteja na kuweka tiki. Ulichofanya hapo juu ni ya tatu. Na kwa kuwa umetumia riba na viwango vinavyoonekana sokoni, kwa ngazi za IFRS 13, kiwango cha kupima thamani ya haki, kwa kawaida hiyo ni Ngazi ya 2. Ngazi ya 3 ndiko kwenye makisio yasiyoonekana sokoni, na ndiko kwenye kesi.

VaR (Value at Risk). Ni kiasi ambacho hasara haitarajiwi kukivuka, tuseme siku 99 kati ya 100. Uwekezaji wa shilingi bilioni 2, bei huyumba asilimia 1.2 kwa siku. Kwa uhakika wa asilimia 99 kizidisho ni 2.326:

bilioni 2 × 0.012 × 2.326 = milioni 55.8 kwa siku moja.

Kwa siku 10 usizidishe kwa 10. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 3.162: milioni 176.5. Anayezidisha kwa 10 hupata milioni 558, na namba hiyo utaikuta inakusubiri.

Kujikinga kwa fyucha. Nairobi soko la fyucha liitwalo NEXT lilizinduliwa 2019 chini ya soko la hisa, kwa hiyo hili si la vitabuni tu. Hisa za shilingi za Kenya milioni 60, beta 0.9 (soko likiyumba asilimia 1, hisa hizi huyumba asilimia 0.9), mkataba mmoja tuuchukulie una thamani ya 300,000. Mikataba ya kuuza ni 0.9 × 60,000,000 ÷ 300,000 = 180. Neno la kuangalia kwenye swali ni kuuza au kununua, maana namba zitakuwa sawa na alama ndiyo itakayokuua.

Opsheni sizirefushi hapa. Kariri usawa mmoja: bei ya opsheni ya kununua jumlisha thamani ya leo ya bei ya mkataba ni sawa na bei ya opsheni ya kuuza jumlisha bei ya hisa. Unafanya kazi kwa opsheni za Ulaya pekee, ambazo hutumika siku ya mwisho tu. Ukiuelewa huo, robo ya sura za opsheni inafunguka yenyewe.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kufanya kila hesabu ya hapo juu chini ya dakika 2 bila kuangalia fomula, na ukitazama jibu bovu uweze kusema limetokana na kosa gani.

## Hatua ya 6: Daftari la makosa

Kila swali ulilokosa liandikwe mistari mitatu: nilifanya nini, nilipaswa kufanya nini, ni neno gani kwenye swali lilipaswa kunishtua. Usinakili swali zima, utachoka na utaacha.

Mstari wa tatu ndio wenye thamani, hasa kwetu. Mtihani ni wa Kiingereza, na wengi hawaangushwi na hesabu, wanaangushwa na maneno kama EXCEPT na LEAST wakiwa wamesoma haraka. Nilipohesabu makosa ya daftari langu, karibu theluthi yalikuwa ya kusoma swali. Dawa niliyotumia: nisome sentensi ya mwisho ya swali kwanza, ndipo nirudi juu kwenye maelezo.

## Hatua ya 7: Moko nne, saa nne nne, bila huruma

Wiki nne za mwisho, kila Jumamosi moko moja nzima. Saa ile ile ya mtihani wako halisi, simu chumba kingine, watoto wameshaambiwa. Maswali 50 leo na 50 kesho si moko. Uchovu wa saa ya tatu ni sehemu ya mtihani, na haujifunzi kwa vipande.

Swali likizidi dakika 3, weka jibu la kukisia, liwekee alama, songa. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa hela.

GARP haitangazi alama ya kufaulu. Kipimo changu ni hiki: ukipata 70 kati ya 100 kwenye moko mbili mfululizo usizowahi kuziona, uko tayari. Ukiwa kwenye 60, wiki mbili zilizobaki zipeleke zote kwenye kitabu cha tatu na cha nne, kwa kuwa ndiko kwenye asilimia 60 ya mtihani. Ukiwa chini ya 50, angalia masharti ya kuahirisha na gharama zake kabla muda wake haujapita.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usiku uliotangulia usikokotoe. Kagua END, P/Y na AOS, weka betri mpya, pasipoti juu ya kalkuleta, kalkuleta juu ya viatu. Fika mapema, kunywa chai, usibishane na mtu kuhusu swopu pale nje.

Mzunguko wa kwanza jibu unayoyajua, wa pili rudi kwenye alama. Mara ya kwanza ukiona hesabu ya hatifungani, angalia kioo kama hakina BGN. Mimi hadi leo hufanya hivyo.

## Hatua ya 9: Baada ya matokeo

Matokeo husema umefaulu au hukufaulu, pamoja na robo uliyoangukia kwa kila somo ukilinganishwa na wenzako. Robo ya kwanza ndiyo bora. Ukianguka, usirudie vitabu vyote. Chukua masomo ya robo ya tatu na ya nne, rudi Hatua ya 5 kwa hayo tu, kisha moko.

Ukifaulu, una miaka minne ya kufaulu Sehemu ya Pili, la sivyo unaanza upya. Hiyo ina maswali 80 kwa saa 4: vihatarishi vya soko, mikopo, uendeshaji, ukwasi na hazina, usimamizi wa uwekezaji, na masuala ya wakati huu. Hesabu hupungua, maelezo marefu huongezeka, na hapo mkaguzi hupumua kidogo. Usikae zaidi ya mwaka, kizidisho cha 2.326 husahaulika haraka kuliko unavyodhani.

Kilichobaki ni kuwasilisha uzoefu wa miaka miwili. Mafunzo kwa vitendo ya chuoni na kazi za muda havihesabiwi. Wakaguzi hukwama hapa kwa kuandika wadhifa badala ya kazi. Usiandike hivi: "Nilikuwa mkaguzi mwandamizi, nilisimamia timu na kuhakikisha viwango vinafuatwa." Andika hivi, kwa Kiingereza chako mwenyewe: nilikagua fowadi 34 za dola za benki ya biashara, nikakokotoa upya thamani ya kila moja kwa riba za soko za siku ya kufunga hesabu, nikakuta 5 zimewekewa riba ya sarafu isiyo yake, nikapendekeza marekebisho, na kitengo cha hazina kikatenganisha anayesaini mkataba na anayeuthibitisha kwa benki ya upande wa pili.